Wodi ya fistula: bure ni bure kweli, ila mapokezi wajitafakari

Wadau habari zenu. Naona kila mara kuna mtu anauliza kuhusu matibabu ya fistula ya uzazi, hii ya mama kuvuja mkojo baada ya kujifungua, na wengi wanauliza kwa kujificha, "kuna jirani yangu ana tatizo hili", sawa, hamna shida, jirani yako tumemuelewa. Mimi nimekaa na mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, kwenye wodi ya fistula toka anaingia mpaka anatoka, nikaona niandike maoni yangu kama watu wanavyoandika ya hoteli na mabasi, maana hii nayo ni huduma, ina sehemu za kusifia na sehemu za kusema jamani hapana. Jina la hospitali siliandiki kwa sababu kuna mahali nitalalamika na sitaki kesho nesi asiye na kosa aitwe ofisini kwa ajili yangu, na wilaya ambako mambo yaliharibikia nayo siitaji. Za kutajwa kwa mazuri yao yanayojulikana nitazitaja huko mbele.

Kwa wale wavivu wa kusoma: operesheni ni bure, vipimo bure, dawa bure, kitanda bure, na mgonjwa anakula bure. Sio ile bure ya mdomoni halafu unafika dirishani unaambiwa kanunue glovu. Madaktari wanajua kazi. Ila nyota zangu za kwanza zinaenda kwa manesi wa zamu ya usiku, mkisoma mtaelewa kwa nini, maana kisu ni cha saa moja mbili hivi, kazi yenyewe iko kwenye mpira wa mkojo, ule unaoingizwa kwenye kibofu kutolea mkojo.

Sasa ilikuwaje akapata. Mimba ya kwanza, uchungu umemshika nyumbani, mama mkwe akasema mimba ya kwanza huwa inachelewa tulieni, wakatulia. Kesho yake wakampeleka zahanati, pale wakaona mtoto hashuki, ikaandikwa rufaa, gari la wagonjwa lipo ila halina mafuta, ikatafutwa bodaboda, akapandishwa mshikaki na wifi yake amemshikilia kwa nyuma, barabara yenyewe ya vumbi na makorongo. Kufika hospitali akasubiri tena anayejua kupasua. Alipopasuliwa mtoto alikuwa ameshafariki. Hapo ni usiku wa pili toka uchungu uanze.

Dokta wa hii hospitali tuliyompeleka alitueleza kwa kutuchorea nyuma ya karatasi ya maabara, na naomba niirudie hapa maana kijijini tulikuwa tumelishwa maneno mengi. Mtoto akikwama kwenye nyonga, fuvu lake linakibana kibofu cha mama kwenye ule mfupa wa mbele, na uchungu unaendelea kusukuma, kwa hiyo kinabanwa na kubanwa. Akasema, "ukikalia mguu wako nusu saa unakufa ganzi si ndiyo? sasa nyama laini ya kibofu ikaliwe na kichwa siku nzima na usiku wake." Damu haipiti, ile nyama inakufa pale pale. Halafu haitoki siku hiyo hiyo, inakaa siku kadhaa ndio inaoza na kudondoka, inabaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na mkojo unapita hapo mchana na usiku bila ruhusa ya mtu. Wakati mwingine mtoto anabana nyuma pia, basi na choo kikubwa kinapita.

Hizo siku kadhaa za kuchelewa ndizo zinazoleta ugomvi kwenye familia zetu. Kwa sababu mama anakuwa ameshatolewa mpira, ameruhusiwa, yuko nyumbani, ghafla anaamka kitanda kimelowa. Watu wanasema mbona hospitali alitoka mzima? Basi amerogwa, au alitembea nje ya ndoa mimba ikiwa tumboni, au mke mwenza ana mkono wake. Mdogo wangu alichanjwa chale kiunoni na mganga, mbuzi akaenda, mkojo ukaendelea. Ndugu wa upande wa mume walishikilia kwamba daktari ndiye aliyemtoboa kwenye kisu cha uzazi. Dokta hakukataa kwamba hilo huwa linatokea, alisema kabisa wapo wanaopata fistula kwa sababu kibofu kilikatwa wakati wa kumtoa mtoto au wakati wa kutoa kizazi, na wengine wanakuwa wamefungwa nyuzi kwenye ule mrija unaoleta mkojo toka kwenye figo, na kesi za namna hiyo wanaziona. Ila kwa huyu wetu tundu lilikaa pale pale mfupa ulipobana na kingo zake zilionyesha nyama iliyokufa, sio iliyokatwa.

Na jamani hii habari kwamba fistula ni ya watoto walioolewa na miaka kumi na minne, ni kweli nyonga haijakomaa hatari inakuwa kubwa, lakini pale wodini nimekuta mama wa mimba ya sita, watano wa kwanza kazaa nyumbani bila shida, huyu wa sita akalala kimshazari. Kinachofanana kwa wote ni kuchelewa tu. Kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kufika halafu kuchelewa kuhudumiwa.

Haya, sasa huduma yenyewe.

Mapokezi. Hapa nyota mbili, na hizo mbili nimeongeza kwa huruma. Fikiria mwanamke amesafiri na basi usiku mzima, amejifunga vipande vya kanga vinne vitano na juu yake nailoni, kwenye basi alikaa kiti cha mwisho dirishani kwa aibu, hajanywa maji toka jana yake ili asilowe sana, anafika anapangwa kwenye mabenchi yale yale ya wagonjwa wote, wa macho, wa miguu, wa presha. Halafu dada wa dirishani anaita kwa sauti, "WA FISTULA WASOGEE HUKU." Watu wote shingo zikageuka. Mdogo wangu alitaka kuondoka, nilimshika mkono kwa nguvu. Kitu cha kuita namba tu, au rangi ya kadi, kinagharimu nini? Na lile benchi la mbao likilowa nani anafuta, maana yeye ndiye aliyeanza kufuta kwa kanga yake mwenyewe na hakuna aliyemwambia acha mama tutafuta sisi.

Ukishavuka pale ukaingia kitengo chenyewe, ni dunia nyingine. Nesi wa kwanza tuliyekutana naye alimpa maji. Nimeandika vizuri, maji ya kunywa, glasi nzima, akamwambia "kunywa mama, hapa kulowesha ruhusa". Wote wanaovuja wanaacha kunywa maji, wanadhani wanapunguza tatizo, kumbe mkojo unakuwa mzito mkali, ndio unaochoma mapaja mpaka yanatoka vidonda, ndio unaonuka zaidi, na wengine wanatengeneza mawe kwenye kibofu. Yeye mapaja yalikuwa yamechubuka hadi anatembea kwa kuachanisha miguu. Walimpa mafuta mazito ya mgando ya kupaka na kumuelekeza akae kwenye beseni la maji ya chumvi.

Kipimo kilichonivutia ni kile cha pamba tatu, niliruhusiwa kuwepo kwa sababu alikuwa hataki kuniachia. Wanaweka pamba tatu ukeni, moja juu kabisa, moja katikati, moja karibu na mlango. Halafu wanaingiza maji yaliyochanganywa na dawa ya rangi ya bluu kwenye kibofu kwa kutumia mpira. Wanasubiri kidogo, wanatoa pamba moja moja na kuziangalia. Ya katikati ikitoka bluu, tundu liko kwenye kibofu. Ya chini tu ikiwa bluu, huenda mkojo unatokea mlangoni kwa kawaida, njia yake imelegea. Ya juu ikiwa imelowa lakini haina bluu hata kidogo, hapo wanakuna kichwa, maana mkojo huo haujapitia kibofuni kabisa, unatoka kwenye mrija wa figo, na huyo anatengenezwa kwa kupasuliwa tumboni, ule mrija unapandikizwa upya kwenye kibofu. Ya mdogo wangu ilitoka bluu ya katikati, bluu imekolea kama wino. Wala hakuna mashine ya mamilioni pale, ni pamba na rangi, na macho ya mtu anayejua anachoangalia.

Usitegemee kufika leo kesho upasuliwe. Hili wengi linawakera wanaanza kusema wanazungushwa, hapana. Kama kidonda bado kibichi wanataka zipite kama wiki sita mpaka miezi mitatu toka ajifungue, nyama ikae sawa, la sivyo uzi unakata tu kwenye nyama laini. Damu ikiwa ndogo wanaipandisha kwanza. Wakipata vidonda vya mapaja wanavikausha. Sisi tulikuta foleni pia, kwa hiyo tulikaa kwenye jengo la kusubiria, na hapo nasema ukweli vyoo vilikuwa safi, vyandarua vizima, na mahali pa kufulia pana nafasi na sabuni inatolewa, kitu ambacho kwa wanawake hawa ni cha kwanza kuliko hata chakula.

Chakula cha kawaida. Uji asubuhi, mchana ugali na maharage au dagaa, jioni hivyo hivyo, wali Jumapili. Matunda machache mno. Chumvi kidogo kupita kiasi, nilinunua pilipili yangu ya kuficha. Msindikizaji unajitegemea.

Jengo la kusubiria lina jambo lake lakini. Mdogo wangu alikuwa anaamini yuko peke yake Tanzania nzima. Usiku wa kwanza tu akakaa na wanawake zaidi ya kumi wote wanavuja, wanachekana, wanataniana nani kalowesha mkeka. Kulikuwa na mama mmoja wa kutoka Rukwa alikuwa anavuja toka enzi za Mzee Mwinyi. Nilimuuliza mama mbona hukuja siku zote hizo, akanijibu, "mwanangu, nani aliniambia kama inatibika?" Aliambiwa na mwanamke aliyepona, walikutana kisimani.

Siku ya operesheni. Sindano ya mgongo, kwa hiyo mtu yuko macho kuanzia kiunoni kwenda juu, chini hasikii. Wanamlaza miguu imepandishwa na kichwa kimeshushwa kidogo. Kwa wengi hawapasui tumbo, wanaingilia kwa chini. Nilivyoelezwa, siri sio kushona tundu, mtu yeyote mwenye sindano anaweza kushona tundu. Kazi ni kukitenganisha kibofu na ukuta wa uke pande zote, taratibu, maana pamegandana kwa kovu, mpaka kingo za kibofu ziwe huru zisogeleane zenyewe bila kuvutwa. Kikishonwa kwa kuvutwa kitaachia. Wakishashona kibofu kwa nyuzi zinazoyeyuka wanarudisha ile rangi ya bluu ndani kuangalia kama panavuja, hakuvuji, ndio wanashona na ukuta wa uke juu yake. Akatoka na bandeji imejazwa ndani, ya kutolewa kesho yake, na mpira kwenye kibofu.

Niliwahi kusoma kwamba huko Marekani, Alabama, miaka ya 1840, daktari mmoja anaitwa Sims alijifunzia operesheni hii kwa wanawake watumwa, majina yao yaliyobaki ni Anarcha, Betsey na Lucy, na Anarcha peke yake alifanyiwa kama mara 30, bila dawa ya ganzi. Siku ile nimekaa nje ya chumba cha upasuaji nikawa namuwaza huyo Anarcha. Mdogo wangu alitoka anauliza kama wameshaanza.

Basi sasa tuje kwenye mpira, maana hapa ndipo hela ya wafadhili inapofanya kazi au inapomwagika.

Baada ya operesheni kibofu kinatakiwa kibaki kitupu muda wote ili kile kidonda kisivutwe. Mkojo unatoka kwa mpira moja kwa moja mpaka kwenye beseni chini ya kitanda. Mpira ukiziba hata kwa masaa machache, kibofu kinajaa, kinatanuka, nyuzi zinaachia, na kazi yote ya dokta imekwisha, tena bila yeye kujua, kesho asubuhi anakuta kitanda kimelowa. Kwa hiyo wodi nzima inaishi kwa mambo matatu, manesi wanapita wanauliza yale yale kila mara hadi tukayaimba: unakunywa? mpira unatiririsha? kitanda kikavu? Kila mgonjwa ana jagi lake, ukinywa likabaki nusu unasemwa mbele ya watu, na mkojo kwenye beseni unatakiwa uwe mweupe kama maji, ukianza kuwa na rangi ya chai unaletewa jagi lingine.

Usiku wa manane kuna nesi mmoja mtu mzima, anavaa raba za kijani, alikuwa anapita na tochi ya simu hawashi taa kubwa ili watu walale. Anainama kila kitanda, anasikiliza tone kwenye beseni. Tone, tone, anaenda kitanda kingine. Usiku mmoja kafika kwetu akasimama. Mimi nilikuwa nimelala chini kwenye mkeka, nikasikia anauliza taratibu, "mama, huu mpira toka saa ngapi umenyamaza?" Mdogo wangu alikuwa usingizini. Akafunua shuka, akaangalia kama ameulalia, hajaulalia. Akaupapasa wote kuanzia kwenye paja mpaka chini kutafuta mahali umejikunja, hakuna. Akaja na bomba la sindano lisilo na sindano na maji ya dripu, akavuta kidogo, akasukuma taratibu mno, akavuta, likatoka donge la damu kama punje ya ulezi, halafu mkojo ukamwagika kwenye beseni kwa kelele mpaka kitanda cha pili wakaamka. Akasema "haya, kunywa glasi mbili ulale", akaenda zake kitanda kinachofuata. Asubuhi ripoti ikasomwa, dokta akatikisa kichwa akamuuliza saa ngapi, akajibiwa, akasema asante. Kama angekuwa ni nesi wa kukaa kaunta na kuchati, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Mpira zamani ulikuwa unakaa wiki mbili kwa wengi. Ulifanyika utafiti kwenye nchi 8 za Afrika, ukachapishwa 2015, ukaonyesha kwamba kwa fistula nyepesi siku 7 zinatosha sawa na siku 14, na Shirika la Afya Duniani likaja kupendekeza siku 7 mpaka 10 kwa hizo nyepesi. Hiyo ni nafuu kubwa, kitanda kinapata mtu mwingine mapema. Ya mdogo wangu haikuwa nyepesi hivyo akakaa nao zaidi. Siku ya kuutoa walirudia rangi ya bluu, pamba zikatoka nyeupe. Akaambiwa aende chooni kila baada ya muda mfupi asisubiri kubanwa, kwa sababu kibofu kilichokaa kitupu miezi yote hiyo kimesinyaa na kinajifunza upya.

Sasa niseme na upande mwingine, maana mitandaoni mnaona zile picha za mama kavaa gauni jipya anacheza ngoma tu. Sio wote wanatoka wakavu. Operesheni ya kwanza ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote, wengi sana wanaziba, lakini anayekuja ameshashonwa shonwa kwingine mara mbili tatu na mtu asiye na ujuzi, kovu limekuwa gumu, kazi inakuwa nzito. Ndio maana nasema msikubali kushonwa na daktari yeyote tu kwa sababu yuko karibu. Halafu wapo ambao tundu limeziba kabisa, rangi haivuji, ila akikohoa au akiinua ndoo mkojo unamtoka, kwa sababu ile misuli ya mlango wa mkojo nayo iliumia. Yule mama wa Rukwa alikuwa hivyo. Kwake yeye hiyo ilikuwa furaha, anasema kutoka kulowa saa 24 mpaka kulowa akikohoa ni kama ameokota hela, lakini nilimuona dada mwingine mdogo analia kabisa kwa sababu hakuna aliyemuandaa kwamba inaweza kuwa hivyo. Hospitali hapa mngeeleza mapema, kabla ya kisu, sio baada.

Mazoezi wanafundisha, ya kubana misuli ya chini kama unazuia mkojo, na kwa wale ambao mguu umelegea kwa sababu mishipa ya fahamu ilibanwa na kichwa cha mtoto, wapo wanaoburuta mguu, wanafanyishwa mazoezi ya kifundo. Dada wa mazoezi yuko vizuri ila yuko mmoja, anakimbia wodi tatu.

Siku ya kuruhusiwa ndio malalamiko yangu ya pili makubwa. Maelekezo ni ya muhimu kuliko yote: asikutane na mume miezi mitatu angalau, asibebe mizigo, aendelee kunywa maji, asishike mimba haraka, na akishika aanze kliniki mapema na ajifungue hospitali kwa operesheni, asije akasikiliza mtu wa kumwambia jaribu kusukuma. Haya yote yakaandikwa kwenye karatasi ya Kiingereza. Mdogo wangu kaishia darasa la saba. Mume hajaitwa, hajapigiwa simu, na ndiye anayetakiwa kuelewa hiyo miezi mitatu. Mimi nilichukua kalamu nikayaandika upya kwa Kiswahili kwenye daftari na nikampigia shemeji mwenyewe, na shemeji kwa sifa zake hakubisha. Je asiye na ndugu wa kumwandikia? Karatasi ya Kiswahili ni kuprinti tu.

Kuhusu gharama, bure ni ya ndani ya geti. Nje ya geti kuna nauli za watu wawili, kuna msindikizaji kula na kulala, kuna biashara kufungwa, genge langu lilikaa kufuli muda wote huo, na wateja wa genge hawasubiri mtu. Na kabla ya hapo kuna miezi ya sabuni na kanga za kuchana. Ukimwambia mwanamke wa kijijini matibabu ni bure na nauli huna, umemwambia nini?

Kwa hili nawasifia CCBRT ya Dar es Salaam, pale Msasani, shirika limeanza 1994, wao wana utaratibu wa miaka mingi wa kumtumia mgonjwa nauli kwa M-Pesa: wana mabalozi huko mikoani, balozi anapopata mwanamke anavuja anawasiliana nao, nauli inatumwa, mama anapandishwa basi. Wametibu wengi bure kabisa, na walianzisha kituo kinaitwa Mabinti cha kuwafundisha waliopona ushonaji na kuchapa vitambaa ili mtu asirudi nyumbani mikono mitupu. Kanda ya Ziwa, Bugando Mwanza nao wanatibu, msikimbilie Dar kama mko huko. Wenzetu Kenya wana Gynocare pale Eldoret ya Dokta Mabeya. Kongo iko Panzi, Bukavu, ya Dokta Mukwege aliyepewa Nobel 2018, ingawa pale wengine wanaovuja hawakuumizwa na uzazi, waliumizwa na vita na ubakaji. Na mama wa hospitali hizi zote ni ile ya Addis Ababa, Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifika Ethiopia 1959, wakafungua hospitali ya fistula 1974, yule mama amefariki 2020 akiwa huko huko.

Ushauri wa vitu vya kubeba: kanga za kutosha, hata zilizochakaa, ndala mbili, shuka la giza, chaja, na daftari. Pampasi za watu wazima msihangaike kununua pakiti nyingi, bei yake kali na joto lake linaongeza vidonda, kanga za pamba zinazofuliwa ni bora. Muulize mapema kama ana simu ya mkononi ya kwake mwenyewe, sio ya mume wala ya shemeji, kwa sababu tarehe za kurudi kliniki wanapiga simu, na simu ya mtu mwingine haimfikii.

Na kama huyo "jirani" yenu kajifungua juzi juzi tu na ndio kwanza ameanza kuvuja, hii sio ya kusubiri ile miezi mitatu niliyoitaja, hiyo ni ya kisu. Apelekwe sasa hivi awekwe mpira, kibofu kibaki kitupu wiki kama nne mpaka sita huku anakunywa maji kwa wingi, tundu likiwa dogo linaweza kuziba lenyewe bila operesheni yoyote. Hospitali ya wilaya wanaweza kuuweka, wasipojua sababu waambieni mnataka mpira ukae, wapigie simu kitengo cha fistula kilicho karibu waulize.